Bomba Likipasuka, Nani Atafunga Koki?



Sisi tunaoishi Mabatini tumefundishwa na mto Mirongo somo ambalo halihitaji kitabu. Kila kinachotupwa mtoni huku juu hufika ziwani kule chini. Mvua kubwa inyeshapo, mto hukusanya takataka za mitaa yetu, huzipitisha katikati ya jiji na kuzitua katika Ziwa Victoria. Ndilo ziwa lile lile ambalo maji yake huvutwa na mitambo ya Capri Point na Butimba, yakasafishwa na kurudi kwenye ndoo zetu. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba jambo lililo mbali halituhusu. Maji hayajui mpaka wa kata, wala wa mkoa, wala wa nchi.

Liko na somo la pili. Ni nani kati yetu hajapata kuona bomba la maji limepasuka kando ya njia, maji yakabubujika tangu alfajiri hadi jioni? Wapita njia wote wameona. Watoto wameanza kuchezea dimbwi. Mama wa jirani amekwisha kukinga ndoo tatu. Lakini mwenye ufunguo wa koki hajui. Au anajua na hana ruhusa ya kufunga. Au ruhusa anayo na usafiri hana. Yakiwa ni maji, hasara yake ni bili na matope. Yakiwa ni mafuta, hasara yake ni uhai wa watu na wa ziwa.

Tumeona vema kuandika mintarafu ya jambo hili kwa sababu Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki limepangiwa njia katika ukanda wetu. Bomba hilo linatoka Hoima nchini Uganda na kuishia Chongoleani, Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443, na kati ya hizo kilomita 1,147 zimo ndani ya Tanzania. Linaingia nchini mkoani Kagera, linavuka mto Kagera, ambao ni mkubwa kuliko mito yote inayoingia Ziwa Victoria, kisha linapita mikoa ya Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma na Manyara hadi kufika Tanga. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza fedha ulitangazwa Februari 2022. Halipiti Mabatini. Lakini wengi wetu tuna wazazi, ndugu na mashamba Muleba, Biharamulo, Chato na Kahama, na sote tunakunywa ziwa moja.

Hatuandiki ili kuwahukumu wajenzi, wala hatuna nia ya kuwatia watu hofu. Tunauliza swali moja tu, na tunaomba lijibiwe hadharani: siku bomba litakapovuja, ni nani atakayejua, baada ya dakika ngapi, na ni mkono wa nani utakaofunga?

Vyombo vinavyofanya kazi hiyo

Wapo wanaodhani kwamba mambo haya ni ya wahandisi peke yao. Sivyo. Msingi wake unaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kuuza maziwa. Ukitoa lita ishirini nyumbani na sokoni zikafika kumi na nane, unajua kwamba mbili zimepotea njiani. Bomba la mafuta nalo hupimwa hivyo. Vipimo vilivyo mwanzoni vinahesabu kinachoingia, vilivyo mwishoni vinahesabu kinachotoka, na kompyuta hulinganisha. Vipimo vingine hutazama mgandamizo. Ukishuka ghafla mahali fulani, pana dalili ya mpasuko. Njia ya tatu ni uzi wa mkongo unaozikwa sambamba na bomba. Uzi huo huhisi mtikisiko na mabadiliko ya joto, kiasi cha kuweza kutambua jembe la mchimbaji au mafuta ya moto yanayopenya udongoni. Bomba letu limesanifiwa kuwa na uzi wa namna hiyo.

Baada ya kutambua, ndipo inapokuja kazi ya kufunga. Kando ya bomba huwekwa vali kubwa, kila moja ikiwa kama mlango. Vali ya mkono humlazimu mtu asafiri mpaka ilipo na kuizungusha. Vali ya mbali huendeshwa kwa injini ya umeme, nayo hupokea amri kutoka chumba cha kuongozea mitambo. Vali ya kujifunga hufunga yenyewe mgandamizo unaposhuka kupita kiasi. Zile za mto huwekwa pande zote mbili, ili mafuta yaliyo juu ya kilima yasiteremke yote majini hata baada ya pampu kuzimwa.

Vyombo hivi ni vizuri, nasi tunavishukuru. Lakini vina mipaka ambayo yatupasa kuijua. Kile kipimo cha kulinganisha kiingiacho na kitokacho huona vema mpasuko mkubwa. Uvujaji mdogo, ulio chini ya sehemu moja hivi ya mia, waweza kupita bila kuonekana. Asilimia moja inaonekana ndogo. Na tuihesabu basi. Bomba hili lilipangwa kusafirisha mapipa 216,000 kwa siku. Asilimia moja yake ni mapipa 2,160. Pipa moja lina lita 159. Hizo ni zaidi ya lita 340,000 kwa siku moja, sawa na malori kumi hivi ya mafuta yale tunayoyaona barabarani, yanayomwagwa ardhini bila mtu kujua. Ndiyo maana chombo kimoja hakitoshi. Lazima kimoja kikague kingine, na macho ya watu yakague vyote.

King'ora kililia, mkono haukufunga

Mwaka 2010, nchi ya Marekani, yenye wataalamu na fedha nyingi kuliko sisi, ilipata mafunzo mawili makali.

La kwanza lilitokea jioni ya tarehe 25 Julai karibu na mji wa Marshall, jimbo la Michigan. Bomba la mafuta ghafi la kampuni ya Enbridge lilipasuka. Ving'ora vililia katika chumba cha kuongozea mitambo. Kampuni ilikuwa na kanuni yake yenyewe: hali isiyo ya kawaida isipopata maelezo ndani ya dakika kumi, bomba lisimamishwe. Lakini waliokuwa zamu walidhani kwamba vipimo vimedanganywa na mapovu ndani ya bomba. Wakaliwasha tena, si mara moja bali mara mbili, na sehemu kubwa ya mafuta ilimwagika wakati huo. Zilipita saa 17 kabla ya ukweli kujulikana, nao uliletwa kwa simu na mtu wa nje, mfanyakazi wa shirika la gesi aliyeyaona mafuta kwa macho yake. Zaidi ya lita milioni tatu zilimwagika zikaingia mto Kalamazoo, na usafishaji ukagharimu zaidi ya dola bilioni moja.

La pili lilitokea tarehe 9 Septemba mwaka huo huo, katika mji wa San Bruno, California. Bomba kubwa la gesi lilipasuka chini ya mtaa wa watu. Watu wanane walikufa na nyumba 38 ziliteketea. Vali za karibu zilikuwa za mkono. Dakika 95 zilipita kabla gesi haijasimamishwa, na muda wote huo moto ulikuwa ukilishwa.

Tuyatafakari haya mawili pamoja. San Bruno hapakuwa na chombo cha kufunga upesi. Marshall vyombo vilikuwapo, na kanuni ilikuwapo, lakini hapakuwa na mtu aliyethubutu kufunga na kuacha pamefungwa. Matokeo yake ni msiba katika sehemu zote mbili. Kwa hiyo mtu akitujibu kwamba bomba letu lina mitambo ya kisasa, amejibu nusu ya swali.

Jirani zetu wa Kenya

Hatuna haja ya kwenda ng'ambo ya bahari. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja katika kituo cha Kampuni ya Bomba la Mafuta ya Kenya jijini Nairobi. Ikaingia katika mfereji wa maji ya mvua, ikateremka mpaka mtaa wa mabanda wa Sinai. Watu maskini walikimbilia na madumu, kwani lita chache za petroli ni chakula cha siku kadhaa. Moto ukalipuka. Zaidi ya watu mia moja walikufa. Sisi Watanzania hatuna neno la kuwalaumu, maana tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipopinduka Msamvu, Morogoro, ndugu zetu walifanya vivyo hivyo, na zaidi ya mia moja walikufa. Tunaoishi bondeni, nyumba kwa nyumba, mfereji ukipita mlangoni, tunaielewa habari ya Sinai bila kufafanuliwa.

Mwaka 2015, katika bonde la Thange, kaunti ya Makueni, wanakijiji waliona mafuta katika mto wao na visima vyao. Yalitoka katika bomba liendalo kutoka Mombasa hadi Nairobi. Waliogundua hawakuwa kompyuta. Walikuwa watu walioteka maji. Mashamba yaliharibika, maji hayakunyweka, na ilipita miaka kumi kabla mahakama haijatoa hukumu ya fidia, mwaka 2025. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mafuta yalipoingia kisimani alikuwa kijana hukumu ilipotolewa.

Sheria ipime dakika

Kutokana na hayo tunatoa maoni yetu. Sheria inayosema tu kwamba mwenye bomba awe na mitambo ya kutambua uvujaji ni sheria inayonunua vyombo. Tunataka sheria inayopima matokeo, na kipimo chake kiwe dakika.

Wamarekani walikaa miaka 12 baada ya misiba ile ndipo, mwaka 2022, wakaweka kanuni kwamba mabomba mapya au yaliyobadilishwa yenye kipenyo cha inchi sita au zaidi yawe na vali za kufunga mpasuko ndani ya dakika 30. Tunaisifu hatua hiyo, lakini tunaona kasoro mbili ambazo sisi tusizirudie. Kwanza, dakika hizo 30 huhesabiwa tangu mpasuko utambuliwe. Kule Marshall, kutambua kwenyewe kulichukua saa 17! Saa ianze kuhesabiwa king'ora cha kwanza kinapolia, au simu ya kwanza ya mwananchi inapopokelewa. Pili, kanuni hiyo haikuyagusa mabomba yaliyokuwa yamekwisha kuzikwa. Bomba likishafunikwa udongo, kila vali unayoiongeza ni gharama na ubishi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hapa Tanzania mdhibiti ni EWURA, ambayo ndiyo iliyotoa kibali cha ujenzi wa bomba hili mwaka 2023. Sheria ya Petroli ipo tangu 2015. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mtu aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Msingi upo. Tunaomba juu ya msingi huo yajengwe mambo matano.

Kwanza, muda wa kutambua na muda wa kufunga uwekwe katika kanuni na kutangazwa kwa Kiswahili, ili hata mwenyekiti wa kitongoji aujue.

Pili, mtu yeyote aliye zamu awe na mamlaka ya kusimamisha bomba bila kuomba ruhusa, wala asiadhibiwe kamwe kwa kufunga kwa nia njema, hata ikithibitika baadaye kwamba king'ora kilikosea. Kufungua tena ndiko kuhitaji saini zaidi ya moja, na taarifa ya mtu aliyefika mahali penyewe. Mafuta ya bomba hili yana nta nyingi, na hupashwa joto la nyuzi 50 hivi ili yasigande. Ingawa bomba limepangiwa mitambo ya joto, msimamizi anayejua kwamba kila saa ya kusimama ni hasara atashawishika kusita. Sheria isimame upande wa yule asiyesita.

Tatu, vali za mbali ziwekwe pande zote mbili za kila mto mkubwa na kila eneo oevu, na karibu na vyanzo vya maji ya watu. Nazo ziwe na umeme wake wa akiba, kwa kuwa kukatika kwa umeme kwetu si habari mpya.

Nne, mitambo ijaribiwe kwa zoezi la kushtukiza mbele ya mkaguzi wa serikali, na matokeo yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Hapa tuseme wazi. Katika bomba hili, TotalEnergies ina hisa asilimia 62, shirika la mafuta la Uganda asilimia 15, shirika letu la TPDC asilimia 15 na CNOOC ya China asilimia 8. Maana yake serikali ni mwenye mali na ni mkaguzi pia. Hatusemi kwamba mkaguzi atapendelea. Tunasema kwamba mtu mwenye hisa dukani asiachwe akague mizani peke yake.

Tano, simu ya mwananchi ihesabiwe kuwa king'ora. Namba iandikwe kwenye kila alama ya bomba, ipokewe usiku na mchana na mtu anayesema Kiswahili, na wanavijiji wafundishwe dalili za uvujaji na hatari ya kukinga mafuta. Marshall na Thange zote mbili zinashuhudia kwamba jicho la mtu liliona kabla ya mtambo kusadikiwa. Fungu la fidia nalo litengwe kabla ya ajali, ili mkulima asisubiri miaka kumi.

Hoja mbili tunazozisikia

Wengine watasema kwamba masharti haya yataongeza gharama na kuwakimbiza wawekezaji. Tunajibu kwamba gharama haiepukiki. Hubadilisha tu mlipaji. Asipoilipa mwenye bomba kwa vali, ataitoa mvuvi wa Muleba kwa nyavu tupu, na mama wa Mabatini kwa maji asiyoweza kumpa mtoto. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maadam hatuubebi wenyewe, ni rahisi kusema kwamba ni mwepesi.

Wengine watasema kwamba ajali ni nadra, na bomba ni salama kuliko malori. Ni kweli kwamba kwa kawaida bomba lina ajali chache kuliko lori. Lakini lori likipinduka, hasara yake ni tangi moja. Bomba likipasuka huendelea kumwaga mpaka mtu afunge. Nasi watu wa Mwanza tunajua thamani ya nadra. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na bandari yetu, na mamia ya watu wakafa. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Idadi hiyo ilikuwa imeandikwa. Aliyekosekana ni mtu wa kusema pale gatini kwamba meli hii haitoki. Kuna nyumba hapa Mabatini ambazo mpaka leo tarehe hiyo haisemwi kwa sauti.

Wajibu wetu

Hatuwezi kuwaachia wakubwa kila kitu kisha tukalalamika. Tunawaomba viongozi wa walei walete suala hili katika jumuiya zao, wakiuliza maswali matatu tu: nani atajua, kwa dakika ngapi, nani atafunga. Wenye ndugu huko bomba linakopita wawaandikie au wawapigie simu, wawaulize kama wameelezwa namba ya kupiga na dalili za kuangalia. Jibu likiwa hapana, liandikwe, likusanywe parokiani, na sisi tutalifikisha kwa diwani, kwa mbunge na kwa mdhibiti kwa barua yenye muhuri, kwa heshima na bila matusi. Sheria ya mazingira inamruhusu mwananchi kuomba taarifa. Basi na tuziombe.

Kadhalika tuanze nyumbani. Mtu anayemwaga oili chafu ya gereji katika mto Mirongo hana mdomo wa kumwambia mwenye bomba alinde ziwa. Na tukiona bomba lolote limepasuka, la maji au la kitu kingine, tusipite tukidhani kwamba mwingine amekwisha kutoa taarifa. Waliopita Marshall usiku ule walisikia harufu. Baadhi walipiga simu, na simu zao hazikuunganishwa na bomba mpaka siku ya pili. Uzembe wa kusikiliza unaua sawasawa na uzembe wa kusema.

Bomba litakaa ardhini miaka mingi baada ya waliotia saini mikataba kustaafu. Watoto wetu ndio watakaoishi juu yake na kunywa kando yake. Tuwaachie koki inayofungika, na jina la mtu wa kuifunga.